Damu Ambayo Haikutolewa

Siku ya kutetea tasnifu yake, Calist alifika ukumbini kabla ya watahini. Alivaa suti ya buluu iliyombana kiunoni, na mbele ya kila kiti chetu akaweka chupa ya maji na peremende kwenye kisahani. Nilipoziona zile peremende nikajua tuna kazi. Mwanafunzi mwenye utafiti mzuri haji na peremende.

Mimi ni Dorika Mughwai. Nafundisha wanafunzi wa uzamili wa sayansi ya maabara ya tiba wanaoletwa hapa Singida kwa mafunzo ya vitendo, na siku hiyo nilikuwa mtahini wa ndani. Mtahini wa nje alikuwa Profesa Antipasi, kutoka Dar es Salaam, mtu mwenye sauti nene na miwani ya kusomea ambayo huivaa anapotaka kusikilizwa, siyo anapotaka kusoma. Tasnifu alikuwa ametumiwa miezi kadhaa kabla. Alipoiweka mezani asubuhi ile, kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana vilevile zilivyotoka kwa mchapaji.

Utafiti ulihusu brusela. Ni ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba, na binadamu anayekunywa maziwa mabichi au kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu huupata: homa inayokwenda na kurudi, viungo kuuma, mgongo kukatika, na wanawake wengine kuharibikiwa mimba. Wengi hutibiwa malaria mwaka hadi mwaka kwa sababu hakuna aliyefikiria kuwapima kitu kingine. Ndiyo maana mada ile niliipenda tangu Calist alipoileta. Nilidhani huyu kijana ameona kitu.

Basi akasimama, akaongea. Kuongea alijua. Picha zake ukutani zilikuwa na rangi, mishale iliruka huku na huku, na Kiingereza kilimtoka kama maji ya bomba la mjini siku yanapotoka. Alisema alitoa damu kwa wafugaji wa vijiji vya upande wa Mtinko. Hakuna aliyekataa sindano. Hakuna aliyehama kabla ya majibu. Hakuna chupa iliyovunjika, hakuna damu iliyoharibika kwa joto, hakuna hata mtoto aliyelia. Nimefanya kazi ya damu tangu nikiwa msichana na kijiji cha namna hiyo sijapata kukiona. Hata mbinguni, nadhani, hatakosekana mmoja wa kuogopa sindano.

"Hongera sana," Profesa Antipasi akasema, miwani puani. "Tasnifu imepangika. Pambizo ziko sawa, vyanzo viko sawa. Mimi nina swali dogo tu la koma kwenye ukurasa wa shukrani."

Nikasubiri amalize mambo ya koma. Kisha nikauliza, "Calist, watu ulikuwa unawatolea damu wapi?"

"Chini ya mti mkubwa, Daktari. Katikati ya kijiji."

Kila msomi anapodanganya kuhusu kijiji huweka mti. "Mti gani?"

"Mti... wa kivuli."

"Na seramu uliitenganishia wapi?" Seramu ni yale maji ya njano yanayobaki juu damu ikishaganda na kuzungushwa kwa mashine, na ndiyo tunayopima. Mashine yenyewe inataka umeme.

"Kwenye zahanati ya kijiji. Walinipa ushirikiano mkubwa."

Alikitaja kijiji chenyewe, kiko mbele ya Mtinko. Mimi nilizaliwa Utemini, hapa mjini, lakini bibi mzaa mama alitoka huko, na huko hatukuwahi kusikia zahanati. Labda imejengwa, nikajiambia. Nikasema kwamba kanuni zinaruhusu watahini kutembelea eneo la utafiti kabla ya kutoa alama, na kwamba napendekeza twende kesho.

Nilitegemea Profesa akatae. Akavua miwani. "Huko Mtinko," akasema, "kuku wa kienyeji wanapatikana?"

"Wamejaa."

"Basi ni muhimu sana tukajiridhishe na uwanda."

Calist alichukua peremende moja kutoka kwenye kisahani changu, akaila mwenyewe.

Asubuhi tukaondoka na gari la chuo. Mimi nilipakia kisanduku cha barafu, sindano, chupa za damu, glovu na pamba. Nilitaka nimwone Calist akitoa damu, kwa sababu katika muda wote wa mafunzo ya vitendo alikuwa na udhuru: mara semina, mara mgongo, mara anasimamia wenzake. Msimamizi wake alikuwa akimpa alama kwa kumwona koridoni.

Calist alikaa mbele ili amwelekeze dereva. Njia ya kwenda Mtinko ni moja na haina siri, mawe makubwa kushoto na kulia, mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, vumbi. Taabu ilianza tulipoiacha barabara. Penye njia panda Calist akasema, "Nyoosha." Tukanyoosha tukaishia kwenye zizi la mtu. Akatoa simu akawa anaigeuza-geuza, ramani haifunguki. Mwisho nikateremsha kioo, nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa anachunga, kwa Kinyaturu, naye akatuonyesha.

"Wamebadilisha njia," Calist akasema.

"Nani kaibadilisha?" nikamwuliza. "Ng'ombe?"

Profesa akacheka, kisha akakumbuka ni mtahini, akanyamaza.

Mwenyekiti wa kijiji anaitwa Mzee Damiani, mtu mrefu, mkavu, mwenye koti la sufu lisilojali jua. Tulimkuta nje ya ofisi ya kijiji. Kabla hata sijafungua mlango, Calist alikuwa ameshateremka na mikono miwili mbele.

"Shikamoo mzee wangu! Unanikumbuka?"

"Marahaba." Mzee akamshika mkono, akamtazama usoni kwa muda. "Sauti naikumbuka. Sura sijapata kuiona."

Nilitamani Profesa asikie neno lile, lakini alikuwa upande wa pili wa gari anamwuliza kijana mmoja habari za kuku.

Nikasalimia, nikajitambulisha, nikaomba mzee atueleze. Akatueleza bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Mwaka uliopita, baada ya mavuno, huyu kijana alipiga simu. Akasema anatoka chuo, anatafiti ugonjwa wa maziwa, watu waje ofisini asubuhi na mapema, atawapima bure na majibu atawaletea. Mzee akapita kitongoji kwa kitongoji. Watu wakaja. Wengine waliacha mifugo zizini bila kuchungwa. Mama mmoja mwenye homa alibebwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Wakakaa mpaka jua likawa kali. Mzee akapiga simu, kijana akasema gari limeharibika, atakuja kesho. Kesho yake wakaja tena, wachache zaidi. Simu ikawa haipatikani.

"Watu walinisema sana," Mzee Damiani akasema. "Waliniambia mwenyekiti umetudanganya. Nikasema mimi nimedanganywa kama ninyi."

Nikamgeukia Calist. "Ndiyo wale waliokupa ushirikiano mkubwa?"

"Daktari, kulikuwa na changamoto za uwandani."

Changamoto! Neno hili siku hizi limekuwa blanketi. Mwizi ana changamoto, mvivu ana changamoto, na anayebuni damu za watu akiwa pengine kwenye chumba cha nyumba ya wageni, feni likimpepea, naye ana changamoto.

"Nionyeshe zahanati," nikasema.

Hakuweza hata kukisia upande. Mzee Damiani akatupeleka. Ilikuwa boma la matofali ya kuchoma lililoishia kwenye lenta juu ya madirisha, halina paa, halina milango. Wananchi walichanga nguvu zao wakafika hapo, wanasubiri wakubwa wa kumalizia. Ndani kulikuwa na mbuzi wamejilaza kwenye kivuli cha kile ambacho kingekuwa chumba cha kujifungulia. Calist akasimama mlangoni na suruali yake ya kitambaa, akawatazama mbuzi, mbuzi wakamtazama. Katika tasnifu yake, ukurasa wa njia za utafiti, hapo ndipo alipochomeka mashine ya kuzungushia damu.

Profesa Antipasi akanivuta pembeni. Mkononi alikuwa tayari na majogoo wawili, amewashika miguu, vichwa chini.

"Dokta Dorika, tusiwe wakali kupita kiasi. Kijana ana kipaji cha kuandika."

"Sana. Aandike riwaya."

"Tunaweza kusema asahihishe sura ya tatu. Aweke maelezo kwamba mazingira yalikuwa magumu."

"Profesa, damu hazipo."

"Mchanganuo wake wa takwimu ni mzuri lakini."

"Wa takwimu za nani?"

Jogoo mmoja akapiga mbawa, akamchafua shati. Akaenda kutafuta maji. Huo ndio ulikuwa mchango wake wa kitaaluma siku ile.

Tuliporudi ofisini nikakuta watu wamejaa. Habari ilikuwa imekwisha kuenea kwamba wa damu wamekuja. Wamama walikuwa wamekunja mikono ya magauni, wazee wamevua makoti. Hakuna aliyetutukana. Walikaa kwenye mawe na magogo wakasubiri, kana kwamba mwaka mzima ulikuwa foleni tu na sasa imesogea. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini mikono ile iliyokunjwa ilinifanya niangalie chini.

Wa mbele alikuwa mwanamke anayeitwa Editha, wa umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho, uso umemkauka. Ndiye aliyebebwa kwenye mkokoteni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaumwa nini?"

"Homa. Inakuja jioni natoa jasho mpaka shuka linaloa, asubuhi naamka kama mzima. Kiuno hiki kinakatika. Mimba zimetoka mbili. Nikienda kupima naambiwa malaria, nikirudi naambiwa taifodi. Dawa nimekula mpaka nimechoka."

"Maziwa mnachemsha?"

Akacheka kidogo. "Maziwa ya kuchemsha si ya mgonjwa, mama?"

Nikafungua kisanduku. Nikamwambia Calist avae glovu. Nikamwuliza Editha kama anakubali huyu kijana amtoe damu mimi nikisimama hapo, naye akasema haya, mradi itoke.

Nataka niwe mkweli juu ya nilichokiona. Kijana aliyebakiza hatua moja awe na shahada ya pili ya sayansi ya maabara hakujua kuvaa glovu bila kuzigusa upande wa nje. Alifunga mpira juu ya mkono wa Editha kama anafunga mzigo wa baiskeli. Alipapasa. Akaishika sindano kama kalamu. Akachoma, ikaenda pembeni, Editha akauma mdomo. Akataka kuizungusha ndani kwa ndani kuutafuta mshipa.

"Toa," nikamwambia.

"Mshipa wake unakimbia, Daktari."

"Haujaenda popote. Toa sindano, ubonyeze pamba, ukae kule."

Akakaa kule. Nikavaa glovu zangu, nikahamia mkono wa pili, damu ikatoka. Editha hata hakutikisika. Nikaendelea na wengine mpaka chupa zikaisha, na waliokosa nikawaambia nitarudi. Nikaona nyuso zao. Neno hilo walikuwa wameshalisikia.

Wakati wa kuondoka Profesa alitaka kisanduku changu kihamishwe nyuma ya gari, chini ya mizigo, ili kuku wake wapate hewa mahali pazuri. Nikakipakata mapajani mpaka Singida mjini.

Siku ileile nikaiachia damu igande vizuri, nikaizungusha, nikapima. Kipimo cha kwanza cha brusela ni rahisi: tone la seramu, tone la dawa yenye rangi ya waridi, unatikisa kadi polepole. Kama hakuna kitu, rangi inabaki laini. Kama kipo, inakatika vipande vidogo kama maziwa yaliyoharibika. Tone la Editha lilikatika hata kabla sijatikisa vizuri. Wengine kadhaa nao vilevile. Nikarudia, nikapima kwa kipimo cha pili cha kuhakikisha, majibu yakawa yaleyale. Nikampigia Mzee Damiani, na wiki hiyohiyo Editha akaja mjini, daktari akamwanzishia dawa za aina mbili ambazo mtu anazinywa kwa wiki nyingi bila kuruka.

Bodi ya watahini ilikaa baadaye. Watu wazima, mezani sambusa. Profesa Antipasi alituma taarifa yake kisha akaingia kwa simu, sauti ikijaza chumba. Alipendekeza Calist afaulu kwa masahihisho madogo. Msimamizi wake akaunga mkono, akasema kijana ana nidhamu na anavaa vizuri.

Nikasimulia nilichokiona. Njia panda, zizi, boma la mbuzi, majogoo, sindano. Wakanisikiliza kwa adabu ile ambayo watu huwapa wagonjwa. Nilipomaliza, mkuu wa kitivo akauliza kwa upole, "Hakuna namna ya kumsaidia?"

Nawajua watu wa swali hili. Wamemsaidia mmoja asiyejua kusoma hadubini, leo anasaini majibu ya damu ya kuongezewa wagonjwa. Wamemsaidia mwingine aliyenakili tasnifu pamoja na jina la mwenyewe kwenye ukurasa wa mwisho. Wana huruma isiyo na kikomo, na haijawahi kumfikia mgonjwa hata mmoja.

"Profesa," nikasema kwenye simu, "Mzee Damiani alisema nini Calist alipomsalimia?"

"Hapo... sikusikia vizuri. Nilikuwa pembeni."

"Ukifanya nini?"

Simu ikakoroma. Mtu mmoja mezani akashindwa kujizuia, akacheka kwenye sambusa yake, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoamua, siyo hoja zangu. Watu wale hawaogopi kosa, wanaogopa kuchekwa. Nikaongeza kwamba sitasaini, na kwamba nikiulizwa na yeyote kwa nini sikusaini nitamsimulia kama nilivyosimulia pale. Ikaandikwa kwamba Calist hajafaulu na arudie utafiti wote, uwandani, chini ya msimamizi mwingine.

Alikuja ofisini kwangu kesho yake. Hakuwa na suti.

"Mama," akasema, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu jana sikuwa tena Daktari, "wewe mwenyewe unajua wengi wanafanya hivi. Mimi bahati mbaya tu nimeangukia kwako."

"Yule mama aliyebebwa kwenye mkokoteni ana brusela," nikamwambia. "Ungefika mwaka jana ungemkuta nayo. Mimba ya pili ilikuwa haijatoka."

Nikadhani limemwingia. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hizo sampuli ulizochukua wewe, naweza kuzitumia kama za kuanzia?"

Nikamwonyesha mlango. Sikupaza sauti, na mpaka leo najisifu kwa hilo.

Miezi ikapita. Siku moja Mzee Damiani akanipigia. "Yule mwenye sauti amekuja. Amekuja kweli safari hii, na gari, na sindano. Watu wamekataa."

"Wamekataaje?"

"Wamekaa majumbani. Niliwaita, wakasema damu yao alishaichukua bila kuwagusa, sasa anataka nini tena. Anaomba wewe uwaambie wakubali."

"Mzee, mikono ni yao," nikasema.

Akacheka, akakata simu. Nilisikia baadaye kwamba Calist aliacha masomo, akapata kazi mji mwingine, ofisi inayotoa mafunzo kwa watumishi wa afya. Anafundisha kuwasilisha taarifa. Hiyo nayo ni kazi, na kwa hilo ana kipaji, hakuna anayebisha.

Mimi sijaitwa tena kwenye bodi. Profesa Antipasi aliandika kwamba nakosa moyo wa ushirikiano, na wakubwa wakaona ni kweli. Wanafunzi wa vitendo bado wananijia, maana hakuna mwingine anayependa kushinda maabara. Sasa kila anayetaka kuandika juu ya damu za watu nampandisha gari nampeleka, akachome mwenyewe nikimtazama. Wanalalamika vumbi. Wanalalamika mtandao. Mmoja anaitwa Catherine, alilalamika njia nzima, na alipofika akatoa damu kwa mikono mitulivu kama anapanga vikombe. Huyo nilimpa alama zake zote nikiwa bado nimemkasirikia.

Kule nilirudi kama nilivyoahidi, na Editha alipomaliza dawa akaja kupimwa tena. Alikuwa amenenepa mashavuni. Homa imeisha, kiuno kimeachia. Nikamsisitizia maziwa yachemshwe, na akisaidia mbuzi kuzaa avae hata mifuko ya plastiki mikononi.

"Mimi nachemsha, mama," akasema. "Ila mume wangu hataki. Anasema yakichemshwa yananuka chungu."

"Yeye haumwi?"

"Anaumwa magoti. Anasema ni uzee." Akasita. "Hajafika hata miaka arobaini."

"Mlete."

"Haji, anaogopa sindano."

Lakini wiki iliyofuata alikuja, peke yake, kwa baiskeli. Akakaa kwenye benchi la nje muda mrefu akijifanya anasubiri mtu. Nilipomwita ndani akasema alikuwa anapita tu kusalimia. Nikamjibu salamu, nikavaa glovu, na nilipogeuka nikakuta ameshakunja mkono wa shati na amefumba macho.